Ndoa Yangu Ilipotazamwa kwa Tochi

Mwanangu, iko Jumapili moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka mkono wangu huenda wenyewe kifuani. Siku hizi nasahau mengi. Naweka miwani kitandani nikaitafuta jikoni. Lakini ile Jumapili haijanitoka, kila neno lililosemwa siku hiyo nalisikia kwa sauti ya aliyelisema. Kaa nikusimulie, maana wewe unakaribia kuwa na nyumba yako, na jambo lenyewe lilitokea katika nyumba.

Ilikuwa Usagara, hapa hapa Tanga, miaka ya hamsini, uhuru tulikuwa bado hatujaupata. Nilikuwa nimeolewa mwaka uleule na bwana mmoja jina lake Mbwana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tuliishi na mama yake, Bi Mwanasha, mwanamke wa maneno machache na macho makali. Nilimwogopa mama mkwe kuliko nilivyomwogopa mtu yeyote. Akikohoa tu, mimi nilikuwa nikijiuliza nimekosa nini.

Mbwana alikuwa na lori kuukuu lililouzwa na jeshi baada ya vita. Alibeba mbata, nazi zilizokaushwa, kutoka Moa na vijiji vya njia ya Horohoro akizileta mjini, na kurudi akachukua abiria, unga na mafuta ya taa. Lori lile ndilo lililotulisha. Basi likaanza kuugua. Likawa linagonga tumboni, na likipakiwa mzigo halipandi hata mwinuko mdogo. Fundi Yakobo, Mbondei wa Muheza aliyejifunza magari jeshini, akaifungua injini na kutuonyesha ugonjwa: kamshafti imelika.

Kamshafti, kama hujapata kuiona, ni chuma kirefu kinachozunguka ndani ya injini, kina vinundu mwilini. Vinundu hivyo ndivyo vinavyosukuma valvu, ile milango midogo ya injini, zikafunguka kwa zamu. Vya lori letu vilikuwa vimelika hadi vikawa bapa. Dawa yake ilikuwa moja tu, kuagiza nyingine mpya, na ya lori la namna ile ilikuwa ije kwa meli mpaka Mombasa. Mama mkwe aliuza sehemu ya minazi yake ya Moa ili iagizwe. Alikwenda kwao, akarudi na fedha zimefungwa kwenye pembe ya kanga, akampa mwanawe.

Miezi ile ya kungoja, mwanangu, ilimbadilisha mume wangu. Nilikuwa nimeolewa na mtu wa mzaha, anayenichekesha mpaka chapati zinaungua. Sasa nikawa naishi na mtu anayekaa kimya akisikiliza barabara. Dereva mwingine alikuwa ameanza kuwabebea mbata watu wetu wa Moa, na kila gari la yule bwana lilipopita, Mbwana aliacha kula. Siku kamshafti ilipofika aliitoa sandukuni, akaingia chumbani, akatoka na kanga yangu ya harusi, mpya, sijaifunga hata mara moja. Akaiviringishia ile kamshafti isiingie vumbi. Hakuniuliza. Mimi nilicheka. Mama mkwe hakucheka.

Fundi Yakobo aliifunga wiki ile, akaimaliza Jumamosi. Jumapili, baada ya kutoka kanisani, alikuja na mfuko wake wa spana kwa ajili ya kuiwasha. Akapita akikagua kila kitu. Alipofika kwenye mpira wa juu wa rejeta, ule unaopitisha maji ya moto, akauminya kwa vidole, akatikisa kichwa.

"Bwana Mbwana, mpira huu umevimba. Haufai. Kesho maduka yakifunguliwa ununue mwingine, tuwashe kesho."

"Kesho tena?" Mbwana akasema. "Fundi, nimengoja mpaka nimeota mizizi. Ufunge kwa waya, utashika."

"Sisemi hautashika. Nasema sitauamini."

"Mimi nauamini."

Lori ni la mwenyewe. Fundi akaufunga kwa kipande cha tyubu na waya, lakini nilimwona uso wake haukupenda.

Likabaki suala la nani akae kwenye kiti cha dereva. Fundi alitakiwa awe penye injini kuirekebisha mwendo, Mbwana aangalie maji na mahali panapovuja, na utingo wetu alikuwa msibani Pangani. Mume wangu akageuka akanitazama nikiwa mlangoni na ungo wangu wa mchele.

"Njoo ukae wewe."

Mama mkwe alikuwa barazani. Alisimama wima. "Mke wa mtu? Kwenye usukani, mchana huu, mtaa mzima unatazama?"

"Gari haliendi popote, mama. Ni kukanyaga mafuta tu."

Bi Mwanasha akakaa, akatugeuzia mgongo. Nikavaa buibui langu nikapanda. Watoto wa jirani walianza kuitana waje wamwone mwanamke dereva.

Mbwana akaenda bombani kujaza madebe ya maji, na Fundi Yakobo akasimama kwenye mlango wa lori kunifundisha. Alinifundisha kwa utulivu, na mimi nilikuwa na woga uliosababisha nisikilize kila neno.

"Shemeji, injini ikiwaka tu, iachie ikimbie. Isiwe kwa kelele ya kupasuka, iwe mbio ya wastani, hivi nitakavyokuonyesha kwa mkono. Uishikilie hapo nusu saa nzima. Usiiache isinzie ikanguruma polepole. Vinundu ni vipya, bado havijazoeana na vyuma vinavyovigusa, na oili huvifikia kwa kurushwa na krenki, ule mhimili mkubwa wa chini, inapokimbia. Ikienda polepole oili haivifikii, na chuma kitakula chuma mbele ya macho yetu. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Sasa sikiliza na hili. Likitokea jambo lolote, moto, maji, mlio usioujua, usipunguze mafuta. Zima kabisa. Swichi hii hapa. Kuzima hakuna ubaya, tutatengeneza na kuwasha tena. Ubaya ni kuisinzisha. Basi ni mawili: ama inakimbia nusu saa, ama imezimwa."

Wakati huo Mbwana alikuwa anarudi na madebe. Alichowahi kukisikia yeye ni kipande cha yale maneno ya mwisho, kwamba inakimbia nusu saa. Lile la kuzima lilimpita na kelele za watoto. Baadaye sana ndipo tulipokuja kulijua hilo.

Injini ikawaka kwa mara ya kwanza. Mwanangu, ilikuwa sauti! Nyumba za makuti zilitikisika, kuku wakatawanyika. Fundi alinyanyua mkono, nikaongeza; akaushusha, nikapunguza; akautuliza, nikashikilia hapo. Nilikuwa msomaji wa kasida kwenye maulidi tangu msichana, nikaishika ile sauti ya injini kama ninavyoshika sauti ya kasida, isipande isishuke. Fundi akanitikisia kichwa. Nikaona hata Bi Mwanasha amegeuza shingo kidogo. Na Mbwana, nilimwona kupitia kioo, alikuwa anacheka. Ilikuwa miezi sijaona meno yake.

Akainama juu ya rejeta na kopo lake la maji, atazame kama pale palipofungwa waya panavuja.

Nilisikia mlio mmoja mkavu, paa! Kioo chote kikawa cheupe. Sikuona kitu, ni mvuke mtupu. Halafu nikasikia ukelele, na sikuujua kuwa ni wa mume wangu, kwa sababu sikuwahi kumsikia mume wangu akilia. Mkono wangu ukaenda kwenye swichi. Nikazima.

Mvuke ulipoanza kupungua nikamwona amesimama, ameshika uso kwa mikono miwili, maji ya moto yanamchuruzika kifuani. Fundi Yakobo alikuwa ameshamkamata mabega. Nikaruka chini, buibui likanasa mlangoni, nikaliacha pale. Nilikuwa namkimbilia ninamwita, "Bwana! Bwana wangu!"

Aliitoa mikono usoni. Ngozi ya shavu la kushoto ilikuwa imeanza kuinuka, na jicho la upande ule lilikuwa limefumba, jekundu, sikuweza kulitazama. Akasema, na hili ndilo neno lake la kwanza:

"Nani kazima?"

Nilisimama palepale. Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nani kaizima injini?"

"Mimi," nikasema. "Umeungua, bwana..."

"Washa! Panda uwashe, nakwambia! Nusu saa haijatimia!"

"Bwana Mbwana, kuzima si kosa," Fundi Yakobo akaanza, "mimi ndiye niliyemwambia..."

"Nyamaza! Wewe umekwisha kulipwa. Huyu ameniua. Miezi yote ile, minazi ya mama, na huyu ameniua kwa kidole kimoja!"

Majirani walikuwa wameshajaa uani, wake kwa waume. Mtu mmoja alileta maji, Mbwana akayasukuma. Akaninyooshea mkono, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Nisikilizeni nyote. Fundi ataifungua injini. Akikuta kinundu kimoja kina mkwaruzo, kimoja tu, basi huyu hana tena ndoa na mimi. Nimemwacha."

Mwanangu, mimi nimezika wazazi, nimezika na mtoto. Lakini sijui kama nimewahi kupigwa na butwaa kama saa ile. Sikulia. Nilikuwa nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye rejeta, nikayahesabu kama mwehu. Mwanamke mmoja nyuma yangu alisema, "Astaghfirullahi." Talaka iliyofungwa kwenye chuma! Nani aliwahi kuyasikia hayo?

Ndipo Bi Mwanasha aliposhuka barazani. Alitembea taratibu, watu wakampisha. Nilijua sasa zamu yangu imefika, atasema si nilisema mimi, mke wa mtu kwenye usukani. Akanipita. Akaenda akasimama mbele ya mwanawe, karibu kabisa.

"Mbwana, minazi iliyouzwa ilikuwa yangu, kwa hiyo chuma hicho ni changu. Kikiharibika nitauza na iliyobaki, meli italeta kingine. Hilo jicho utaliagiza duka gani?"

"Mama, wewe hujui..."

"Najua kwamba huyu msichana alipokusikia unalia aliacha kila kitu akakukimbilia bila hata buibui. Na wewe ulipofumbua mdomo uliuliza chuma. Nimekuzaa mimi, nimekulea mimi, na leo nimeona haya kukuita mwanangu. Twende hospitali."

"Siendi mpaka ifunguliwe."

Alikuwa anasema kweli. Alikaa chini pale penye matope ya maji ya moto, uso unavimba tunauona, akamwamuru fundi achukue spana. Fundi Yakobo alikuwa ameishika mkononi. Alimtazama Mbwana, akamtazama Bi Mwanasha, kisha, sijui kwa nini, akanitazama mimi.

Mimi niliyekuwa nikinong'ona hata ninapoomba chumvi, nikasikia sauti yangu inasema, "Fundi, weka spana chini. Ndoa yangu itangoja. Uso wake haungoji."

Akaiweka. Na alipoiweka, Mbwana akaishiwa nguvu. Wanaume wakambeba mpaka kwenye teksi ya jirani, wakampeleka hospitali, upande ule wa kwenda Raskazone. Mama mkwe aliingia naye. Kabla mlango haujafungwa alinigeukia akasema, "Na wewe panda. Unangoja nini?"

Walimlaza. Waganga walifanya waliloweza. Jicho la kulia likasalimika, la kushoto likawa halioni tena. Alikuwa amekaa muda mrefu mno na maji yale usoni akibishana.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kwa namna nyingine. Wanawake walinijia wakiniuliza kwa upole kama mimi ni mke au si mke. Bi Mwanasha akamwita Mwalimu Khamisi, mzee aliyekuwa akisomesha watoto msikitini kwetu. Alisikiliza yote, akashika ndevu zake.

"Kauli imefungwa na sharti," akasema. "Sharti halijaonekana, kwa hiyo ndoa ipo. Siku injini itakapofunguliwa, tutajua."

Alipoondoka, mama mkwe akanivuta jikoni, akafunga mlango. "Mwanangu, tusiifungue basi. Mpira utabadilishwa, itawashwa vivyo hivyo. Nani atajua kilichomo ndani?"

Nilimtazama nikashangaa upya. Yule niliyemwogopa alikuwa ananiombea nibaki. Nilimshika mkono, mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile, nikamwambia, "Mama, sitaweza kulala kila siku na mume ambaye sijui kama ni wangu. Na ifunguliwe."

Ikafunguliwa. Fundi Yakobo alikataa kutazama peke yake. Alifungua kifuniko cha ubavuni, akaanza kutoa vile vyuma vinavyokaa juu ya vinundu, akavipanga kwenye gunia safi. Mwalimu Khamisi alikunja mikono ya kanzu yake, akashika tochi, akaingiza kichwa chini ya boneti. Bi Mwanasha alisimama upande mmoja, mimi upande wa pili. Majirani walijaa ukutani kama siku ile. Fundi aliizungusha injini kidogo kidogo kwa hendeli, na kila kinundu kilipogeuka juu Mwalimu alikimulika, akakipitishia kidole. Fikiria mwenyewe, mwanangu. Mzee wa dini amejaa oili mpaka kiwiko, na ndoa yangu inatazamwa kwa tochi.

Nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia hendeli ikilia, ikinyamaza, ikilia, ikinyamaza. Halafu ikanyamaza kabisa.

"Ndicho cha mwisho?" Mwalimu akauliza.

"Ndicho cha mwisho," fundi akasema.

"Sikuona mkwaruzo. Wewe fundi umeona?"

"Sijaona, Mwalimu. Vinang'aa vyote. Nilimwambia azime, na akazima sawasawa. Kama angeogopa akapunguza mafuta, sasa tungekuwa tunatazama vyuma vilivyolika."

Mwalimu akanyanyua kichwa, kofia imepinda. "Ndoa ipo," akatangaza. "Na huyo bwana akipona mwambieni aje kwangu, nina maneno naye."

Nikasikia mtu anaangua kilio. Alikuwa Bi Mwanasha, amekaa chini kwenye mchanga, analia kama mtoto.

Tulikwenda hospitali kumwambia. Mbwana alikuwa amefungwa bendeji nusu ya kichwa. Mama yake alipomwambia injini ni nzima, hakufurahi.

"Tangu niingie hapa sijaiulizia," akasema. "Niliogopa jibu." Akanyoosha mkono kunitafuta.

Sikumpa wangu. Nilitamani, lakini sikumpa. Nikamwambia, "Ulisema mbele ya watu. Uje useme mbele ya watu."

Alikuja akasema. Siku aliyotoka hospitali alisimama uani, jirani zetu walewale wapo, akasema, "Mke wangu aliniokoa, nami nikamtukana na kumweka rehani kwa kipande cha chuma. Mnisamehe, naye anisamehe." Ndipo nikamshika mkono. Mpira mpya ulikuwa umeshafungwa. Fundi Yakobo aliuliza nani atakanyaga mafuta, na utingo wetu alikuwa amerudi. Mbwana akasema, "Akae mwenyewe, ndiye anayejua." Nikakaa. Yeye alisimama mbali, karibu na mama yake, na injini ikakimbia nusu saa nzima hadi fundi aliponionyesha mkono nizime. Lori lile lilibeba mbata miaka mingi baada ya hapo. Mume wangu aliliendesha kwa jicho moja, na hakuwahi tena kuniambia neno la kuniacha, hata tulipogombana, na tuligombana sana.

Basi nakuusia, mwanangu. Ukifundishwa kazi, simama mpaka anayekufundisha anyamaze. Nusu ya maelekezo ni hatari kuliko kutoelekezwa, kwa kuwa mwenye nusu hudhani anayo yote, akamlaumu aliyesikia vizuri. Anayejua akikwambia kitu hakifai, usimfanye aone haya kwa sababu wewe una haraka. Kitu unachokitafuta sana kitazame kwa hofu, kisije kikakaa mahali pa watu wako bila wewe kujua. Na ukiwa na maumivu, au hasira, usiufungue mdomo kutoa hukumu. Lilia maumivu yako, piga kelele ukitaka, lakini hukumu iache mpaka upoe. Neno likishatoka mbele za watu huwezi kulifuata ukalirudisha. Unaweza tu kusimama mbele za watu walewale ukaomba radhi, na heri yako kama wanaokupenda bado wapo pale wakusikie.

Mwenyezi Mungu akujalie kazi yenye baraka na mwenzio mwenye subira. Akupe masikio yanayongoja na ulimi unaochelewa. Na siku utakapoumia, kwa sababu kila mja huumia, akujalie neno la kwanza litakalotoka kinywani mwako liwe jina la mtu. Amin.